Rubani na Namba Yake: Historia ya Ukongwe Kazini Katika Usafiri wa Ndege, Kutoka Embakasi Hadi Goma

1. Utangulizi

Historia ya kazi katika Afrika ya Mashariki na ya Kati imeandikwa zaidi kuhusu wachimba madini wa Katanga, makuli wa bandari ya Mombasa na wafanyakazi wa reli. Rubani wa ndege hutajwa mara chache, na akitajwa huchukuliwa kuwa mtu wa tabaka la juu ambaye hana historia ya kazi inayostahili kusimuliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo una kasoro. Rubani ni mwajiriwa. Ndege anayoiendesha, mshahara anaoupata, mji anaokaa, hata sikukuu anayoweza kuila pamoja na watoto wake, vyote hutegemea kwa kiasi kikubwa jambo moja lisilopimwa kwa ustadi wake, nalo ni tarehe aliyoajiriwa.

Hoja yetu ina sehemu mbili. Kwanza, ukongwe kazini ni mali, lakini ni mali ya namna ya pekee: haiuziki, hairithiwi, wala haihamishiki. Imo ndani ya shirika, na shirika likifa, nayo hufa. Pili, thamani kubwa ya mali hiyo si fedha wala starehe. Ni uwezo wa mfanyakazi kusema "hapana" bila kupoteza riziki yake. Tutaanza na maneno yenyewe, kisha tutaeleza asili na utendaji wa orodha ya ukongwe, halafu tutatazama Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, warithi wake, na mwisho Kongo na mji wa Goma.

2. Rubani, nahodha na ukongwe

Neno rubani lilikuwa la bahari kabla ya kuwa la anga. Asili yake ni Kiarabu, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inamweleza rubani kuwa ni kiongozi, mtu aonyeshaye chombo njia. Jirani yake ni nahodha, neno lililotoka Kiajemi, ambalo kwa asili lina maana ya bwana wa chombo. Chini ya nahodha kulikuwa na serahangi, na chini ya serahangi mabaharia, na chini yao kijana aliyepika na kukumba maji. Ngazi hizo zilipandwa kwa miaka, kwa kuzijua pepo na nyota, na mara nyingi pia kwa udugu na mwenye chombo.

Inafaa tuzingatie tofauti iliyopo kati ya rubani wa zamani na wa sasa. Masimulizi yanayomtaja Ahmad ibn Majid kuwa ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 yamekataliwa na wanahistoria wengi. Lakini jambo ambalo halikataliwi ni kwamba Mreno huyo, pamoja na vyeo vyote alivyopewa na mfalme wake, alihitaji rubani aliyepatikana Malindi ili avuke bahari hadi India. Ujuzi wa rubani huyo ulikuwa kichwani mwake. Alipopanda chombo cha wageni, hakuanza upya kuwa kijana wa kukumba maji. Rubani wa ndege hakubahatika hivyo, kama tutakavyoona.

Kuhusu dhana yenyewe, Kiswahili kina maneno kadhaa yanayoikaribia. Ukubwa huchanganya umri na cheo. Ukuu ni wa madaraka. Utangulizi umekwisha kuchukuliwa na vitabu. Wasomi wa Goma na Bukavu hulichukua neno la Kifaransa, ancienneté, lilivyo. Hapa tunatumia ukongwe kazini, tukikiri kwamba neno ukongwe hubeba harufu ya uzee. Hata hivyo, katika shirika la ndege mkongwe anaweza kuwa na umri wa miaka 35 naye akamtangulia mwenzake wa miaka 50 aliyeajiriwa baada yake. Kwa hiyo msomaji atenganishe mambo matatu: umri, cheo na ukongwe. Rubani mkuu ana cheo kuliko rubani msaidizi. Lakini kati ya marubani wakuu 100 wa shirika moja, wa kwanza na wa 100 wana cheo kimoja na maisha mawili tofauti kabisa.

3. Asili na utendaji wa orodha

Orodha ya ukongwe haikubuniwa na marubani. Ilitoka katika reli, hasa za Marekani, ambako vyama vya wafanyakazi vilidai kwamba dereva wa treni apandishwe na apunguzwe kazini kwa kufuata tarehe ya kuajiriwa badala ya kupendwa na msimamizi. Chama cha marubani wa Marekani kiliundwa mwaka 1931, na mwaka 1936 sheria ya kazi za reli ya nchi hiyo ilipanuliwa ili iyahusu pia mashirika ya ndege. Kutoka huko na kutoka Ulaya, desturi hiyo ilienea katika mashirika mengi makubwa ya dunia.

Sababu yake inaonekana vizuri katika tukio la zamani zaidi. Mwezi Julai 1919, marubani waliokuwa wakisafirisha barua za serikali ya Marekani waligoma baada ya wenzao wawili kufukuzwa kwa kukataa kuruka katika ukungu mzito. Mkuu wao alikaa ofisini na alitaka barua zifike. Wao ndio waliokuwa wakifa. Tangu hapo, mapambano ya marubani yamekuwa na swali moja ndani yake: ni nani mwenye neno la mwisho kuhusu kuruka au kutoruka, na mwenye neno hilo analindwa na nini? Orodha ya ukongwe ilikuwa sehemu ya jibu. Ikiwa nafasi ya mtu imeandikwa kwa tarehe, mkubwa hawezi kumshusha kwa sababu alikataa ndege mbovu, wala hawezi kumpandisha mwingine kwa sababu ni shemeji yake.

Utendaji wake ni rahisi kueleza. Kila rubani anapoajiriwa hupewa namba ya mwisho. Walio juu yake wanapostaafu, kufariki au kuacha kazi, namba yake hupanda. Nafasi ya rubani mkuu inapotokea, huulizwa kwanza mwenye namba ya juu kati ya wasaidizi waliotimiza masharti. Ndege kubwa zaidi inaponunuliwa, hutangulia walio juu. Ratiba ya mwezi inapopangwa, wa juu huchagua safari, siku za mapumziko na likizo. Wa chini huchukua kilichobaki, yaani safari za usiku wa manane, zamu za kungojea simu nyumbani, Krismasi na Idi. Shirika linapopunguza wafanyakazi, aliyeingia mwisho hutoka kwanza. Mtu wa Kalengera anayengojea gari la kwenda Goma katika barabara ya Rutshuru anaielewa kanuni hii bila kufundishwa: gari lililofika kwanza hupakia kwanza, hata kama lililofika la pili ni jipya na dereva wake ni hodari. Tofauti ni kwamba mstari wa rubani huchukua miaka 30.

Jambo hili huzaa uchaguzi ambao mtu wa nje hauoni. Rubani msaidizi aliyefika juu katika kundi la wasaidizi huishi vizuri: anachagua safari zake, analala nyumbani, anahudhuria arusi za ndugu. Akikubali kupandishwa kuwa rubani mkuu, mshahara utaongezeka, lakini atakuwa wa mwisho katika kundi la wakuu, naye atarudi kwenye zamu za usiku na simu za ghafla. Hivyo wapo wanaokataa cheo kwa miaka kadhaa ili wasipoteze usingizi na familia. Wakati mwingine wanaopandishwa mapema ni wale waliokuwa tayari kulipa gharama hiyo.

Aidha, mstari husogea kwa kasi isiyotegemea mtu aliye ndani yake. Mwezi Novemba 2006 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipandisha kikomo cha umri wa marubani wakuu wa safari za kimataifa kutoka miaka 60 hadi 65, kwa masharti. Kwa mzee aliyekuwa karibu kustaafu, hiyo ilikuwa miaka mitano ya neema. Kwa kijana aliyekuwa akingoja nafasi yake, ilikuwa miaka mitano ya kungoja.

4. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, 1946–1977

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946 likiwa mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Lilianza na ndege ndogo sita aina ya Dragon Rapide. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Mwaka 1960 shirika lilipata ndege za jeti aina ya Comet 4, na mwaka 1966 Super VC10, ambazo zilikuwa miongoni mwa ndege za fahari kubwa za wakati huo. Katika miaka 20 rubani aliyeajiriwa akiendesha ndege ya injini mbili za pangaboi aliweza, ikiwa namba yake ilipanda, kufika London akiwa ameshika usukani wa jeti ya injini nne.

Lakini ni nani aliyekuwa na namba hiyo? Hapa ndipo orodha ya ukongwe inapoonyesha sura yake ya pili. Orodha inayofuata tarehe ya kuajiriwa huhifadhi historia ya ajira, ikiwa ni pamoja na dhuluma yake. Wakati wa ukoloni urubani ulikuwa kazi ya Wazungu. Mwafrika aliyeingia baada ya uhuru alikuta mstari mrefu mbele yake, na kila mmoja katika mstari huo alikuwa na haki ya tarehe. Kanuni hiyo haikumbagua mtu kwa rangi yake, kwa kuwa haikuuliza rangi kabisa. Iliuliza mwaka tu. Na mwaka ulikuwa umekwisha kubagua. Serikali zilizotaka kuona marubani Waafrika katika VC10 zililazimika kuchagua kati ya kuvunja mstari na kungoja. Suala hilo lilikuwa sehemu ya mjadala mpana wa kuwapa Waafrika nafasi katika taasisi zote za Jumuiya.

Mfano wa Ethiopia unafaa kulinganishwa. Shirika lake liliundwa mwaka 1945 kwa kushirikiana na kampuni ya TWA ya Marekani, na marubani wake wa kwanza walikuwa wageni. Mwaka 1957 Alemayehu Abebe akawa rubani mkuu wa kwanza Mwethiopia wa shirika hilo, na mwaka 1971 Mwethiopia alishika umeneja mkuu. Shirika lilijenga shule yake na, lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu, halikufa. Aliyeajiriwa huko akiwa kijana aliweza kuzeeka ndani ya orodha ileile. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilianzisha chuo cha usafiri wa anga huko Soroti, Uganda, mwaka 1971. Mbegu ilipandwa, lakini shamba liligawanywa kabla ya mavuno.

Mapema mwaka 1977, huku Jumuiya ikivunjika kwa sababu za siasa na madeni, ndege za shirika ziliacha kuruka. Kenya Airways iliundwa Januari 1977 na kuanza safari Februari 4 kwa ndege za kukodi aina ya Boeing 707. Shirika la Ndege la Tanzania liliundwa Machi mwaka huohuo. Uganda ilikuwa imekwisha kuunda la kwake mwaka 1976. Zile Super VC10 zilirudi kwa watengenezaji Uingereza, na baadaye zilitumiwa na jeshi la anga la nchi hiyo kujazia ndege nyingine mafuta.

Kwa kawaida kuvunjika huko huelezwa kama habari ya mipaka na mali: reli, meli, majengo. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Mei 1984, baada ya usuluhishi mrefu wa Mswisi Victor Umbricht. Lakini orodha ya ukongwe haiwezi kugawanywa kama mabehewa. Namba ya 40 katika shirika la nchi tatu si namba ya 40 katika shirika la nchi moja. Rubani Mkenya angeweza kupanda ghafla kwa kuwa wageni na majirani waliokuwa mbele yake hawapo. Rubani Mtanzania angeweza kupanda katika orodha na papo hapo kushuka katika ndege, kwa kuwa shirika lake jipya halikuwa na jeti ya masafa marefu. Ukongwe ulibaki kwenye karatasi. Ndege iliyoupa maana ilikuwa imeondoka. Na wale wote waliotumikia Jumuiya, wa ndege, wa reli na wa posta, walijifunza jinsi miaka ya utumishi inavyoweza kukosa mwenyewe. Huko Tanzania wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa bado wakiandamana Dar es Salaam kudai mafao yao katika miaka ya 2000.

5. Baada ya 1977: faida na gharama za mstari

Kenya Airways ilidumu. Mwaka 1996 hisa zake ziliuzwa kwa umma, na kampuni ya KLM ya Uholanzi ilichukua asilimia 26. Kudumu huko ndiko kulikowezesha maisha ya kikazi ya muda mrefu. Irene Koki Mutungi aliajiriwa na shirika hilo mwaka 1993, akiwa mwanamke wa kwanza kuwa rubani wake. Alipata cheo cha rubani mkuu mwaka 2004, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa rubani mkuu wa Boeing 787. Miaka 11 hadi cheo, na mingine 10 hadi ndege hiyo. Safari hiyo inaonyesha jambo ambalo wakosoaji wa ukongwe husahau: mtu akishaingia katika mstari, tarehe yake humlinda dhidi ya chuki na upendeleo. Mlango ndio ulio mgumu, na mlango hauongozwi na orodha.

Gharama za mstari zilionekana wakati wa janga la korona mwaka 2020. Dunia nzima ndege zilisimama, na walioajiriwa mwisho walitoka kwanza. Mwezi Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku chache kuhusu mchango wa akiba ya uzeeni na mishahara iliyoahirishwa, hadi mahakama ilipowaamuru warudi kazini. Katika mijadala ya wakati huo wengi waliuliza kwa nini watu wenye mishahara mikubwa wagome badala ya kutafuta kazi kwingine. Jibu limo katika tuliyoyaeleza. Rubani mwenye miaka 20 ya utumishi akihamia shirika jingine linalofuata kanuni hii huenda na leseni yake na saa zake za kuruka, lakini huingia na namba ya mwisho, na mara nyingi katika kiti cha msaidizi. Kwa hiyo hawezi kuondoka kirahisi, na asiyeweza kuondoka hulazimika kupigana alipo. Kifungo chake ni cha dhahabu, lakini ni kifungo.

Wakongwe wa Pan Am waliliona hilo Desemba 1991 shirika lao lilipofungwa, na wale wa Sabena waliliona Novemba 2001. Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Methali hiyo kwa kawaida ni onyo kwa mwenye majivuno. Kwa rubani wa shirika lililofilisika ni maelezo tu ya yaliyotokea.

6. Kongo: orodha iliyokatika

Usafiri wa ndege wa Kongo ulizaliwa pamoja na Sabena, iliyoundwa mwaka 1923. Mwaka 1925 Edmond Thieffry na wenzake wawili walisafiri kutoka Brussels hadi Léopoldville kwa siku 51. Kwa miongo mitatu iliyofuata Sabena iliunganisha miji ya koloni, na rubani aliyetua Kivu alikuwa Mbelgiji. Baada ya uhuru, Air Congo iliundwa mwaka 1961, serikali ikiwa na hisa nyingi na Sabena ikiwa mshiriki. Mwaka 1971, jina la nchi lilipobadilishwa, shirika likawa Air Zaïre. Katika miaka ya 1970 lilikuwa na ndege kubwa aina ya DC-10 zilizofika Ulaya, na marubani Wazairwa walipanda ngazi zake.

Tunachopaswa kukiona ni kilichofuata. Shirika lilidhoofika kwa madeni, kwa upungufu wa vipuri, na kwa desturi ya wenye mamlaka kuchukua ndege kwa safari zao. Abiria waliita Air Peut-être, yaani ndege ya "huenda". Mwezi Juni 1995 lilitangazwa kufilisika. Baadaye ilikuja Lignes Aériennes Congolaises, kisha Congo Airways iliyoanza kuruka mwaka 2015, kisha Air Congo mpya iliyozinduliwa Desemba 2024 kwa ubia na Ethiopian Airlines. Kila mara ukurasa ulianza na namba moja. Rubani aliyeajiriwa na Air Zaïre mwaka 1975 hakuweza kustaafu kwa utulivu katika shirika lilelile, na kijana aliyeanza mwaka 1990 hakuwa na mstari wa kupanda.

Goma ilipata sehemu yake ya historia hiyo kwa namna nzito zaidi. Mwezi Julai 1994 wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda waliingia katika siku chache, na uwanja wa Goma ukajaa ndege za misaada na za kijeshi. Baada ya hapo vita na madini viliendeleza shughuli za anga. Katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami huko Kilambo, Walikale, zikapakia kasiteriti na kuileta Goma. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia. Kilichobaki kilikuwa karibu kilomita mbili kati ya tatu.

Katika mazingira hayo kampuni zenye ndege mbili au tatu zilizaliwa na kufa. Baadhi ziliendeshwa na marubani wa mkataba kutoka nchi zilizokuwa za Umoja wa Kisovyeti, wengine walikuwa vijana Wakongo waliotafuta saa za kuruka. Kampuni ya namna hiyo haiwezi kuwa na orodha ya ukongwe yenye maana: orodha ya watu wanne si ngazi. Mahali pa ukongwe hushikwa na mambo mawili ya kale, yaani udugu na mahitaji ya siku. Rubani hulindwa na yule anayemjua, na asipojulikana hulindwa na utiifu wake. Akiambiwa mzigo ni kilo kadha, atabisha kwa nguvu gani? Nje wapo wengine wanaongoja kiti chake.

Hatusemi kwamba kukosekana kwa orodha ndiko kulikosababisha ajali zetu. Ajali huwa na sababu nyingi: ndege chakavu, njia fupi, ukaguzi hafifu, hali ya hewa. Lakini msomaji ajiulize ni nani, katika mnyororo huo, anayeweza kuikata safari kabla haijaanza. Tarehe 8 Januari 1996 ndege aina ya Antonov 32 yenye mzigo kupita kiasi ilishindwa kupaa kutoka Ndolo, Kinshasa, ikaingia sokoni na kuua watu zaidi ya 200. Marubani wake walihukumiwa. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege aina ya DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa kutoka Goma ikaanguka Birere, ikaua watu zaidi ya 35, wengi wao si abiria bali wakazi na wachuuzi. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege aina ya Dornier 228 ilianguka juu ya nyumba za mtaa wa Mapendo muda mfupi baada ya kupaa. Kwa watu wa Birere na Mapendo, suala la iwapo rubani anaweza kusema "hapana" si mjadala wa wataalamu. Ni suala la paa la nyumba.

Tangu mwaka 2006 mashirika ya Kongo yamewekwa katika orodha ya Ulaya ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka huko. Mji wa Goma ulipotwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, ndege za abiria zilikoma kutua. Hivyo hata ile ngazi fupi ya kampuni ndogo ilikatwa.

7. Upande wa pili: sauti ya mdogo

Itakuwa kosa kumaliza kwa kuusifu ukongwe peke yake. Ule uzito unaompa rubani mkuu nguvu ya kumkatalia mwajiri unaweza kumnyamazisha aliyekaa kando yake. Tarehe 27 Machi 1977, wiki chache tu baada ya kifo cha Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana uwanjani Tenerife, visiwa vya Kanari, na watu 583 wakafa. Rubani mkuu wa KLM alikuwa miongoni mwa wakongwe na wakufunzi wa shirika lake. Alianza kuruka bila ruhusa. Fundi wa ndege aliuliza kama ndege nyingine imekwisha kutoka njiani, akajibiwa kwa uhakika kwamba imetoka. Hakuuliza tena.

Miaka 30 baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka Douala, na watu wote 114 wakafa. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 ilieleza kwamba ndege iliinama upande polepole gizani bila kurekebishwa kwa wakati. Ilitaja pia kukosekana kwa ushirikiano kati ya rubani mkuu, mtu wa zaidi ya miaka 50 mwenye tabia ya kuamrisha, na msaidizi wake kijana wa miaka 23 aliyekuwa mnyamavu mbele yake.

Katika jamii zetu, ambako mdogo hufundishwa kutomkata mkubwa kauli, somo hili lina uzito wake. Adabu haikosi thamani. Lakini adabu ya barazani na adabu ya chumba cha marubani si moja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika yamewafundisha marubani jinsi mdogo anavyopaswa kusema na mkubwa anavyopaswa kusikiliza. Waswahili husema mkubwa ni jalala, yaani hutupiwa kila kitu naye hupokea. Methali hiyo hutumika kumfariji mzee anayelaumiwa. Ingeweza pia kutumika kama kanuni ya kazi: mkubwa wa kweli ni yule anayekubali kutupiwa neno la mdogo kabla haijawa kuchelewa.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba ukongwe kazini una historia, na historia hiyo imepita katika nchi zetu kwa njia tatu. Ethiopia na, kwa kiasi chake, Kenya zilikuwa na mashirika yaliyodumu, na kwa hiyo zilikuwa na mistari iliyopandwa hadi mwisho. Afrika Mashariki ya pamoja ilikuwa na mstari uliokatwa na mipaka mwaka 1977. Kongo ilikuwa na mstari uliokatwa na ufisadi, madeni na vita, na Goma ilibaki na marubani wasio na mstari kabisa. Tumeona pia kwamba jambo lililo hatarini katika hali zote tatu ni moja. Rubani mkuu anahitaji ulinzi ili amkatalie mwajiri, na rubani msaidizi anahitaji ulinzi ili amkatalie rubani mkuu. Orodha iliyoandikwa hutoa ulinzi wa kwanza. Wa pili hutolewa na mafunzo na malezi. Mahali ambapo vyote viwili havipo, wanaolipa ni watu waliomo ndani ya ndege na wale wanaoishi chini yake.

Air Congo iliyozinduliwa mwaka 2024 imeanza kuandika orodha mpya ya wafanyakazi. Inafaa waulizwe mapema wanaoiandika: je, tarehe zitaheshimiwa, au majina ya ukoo? Je, akiba ya uzeeni itakaa ndani ya shirika, ipotee nalo, au nje yake? Kwa upande wetu wa masomo ya Kiswahili, kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuijenga istilahi ya kazi na haki zake, kwa kuwa mfanyakazi asiye na neno la jambo hudai kwa shida. Ya pili ni ya haraka zaidi. Kijana aliyeajiriwa na Air Congo au Shirika la Ndege la Afrika Mashariki mwaka 1965 akiwa na miaka 22 amekwisha kupita miaka 80. Daftari za safari za marubani hao, barua zao za kupandishwa na kupunguzwa, na kumbukumbu zao wenyewe zimo majumbani Kinshasa, Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam. Wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti waende kwao wakiwa bado wanaweza kusimulia.